Neno "Ndoa" Mbele ya Mahakama: Historia ya Fasili Moja na Mjadala wa Ndoa za Jinsia Moja

I. Utangulizi

Mwezi wa Juni 2011, Mahakama Kuu ya Kenya iliyokaa Mombasa ilitoa hukumu katika shauri la mirathi. Marehemu alikuwa mwanamke wa Kinandi, na aliyedai kuwa mjane wake alikuwa mwanamke pia. Alieleza kwamba aliolewa na marehemu kwa kufuata mila za Wanandi, mahari ikatolewa, na watoto aliowazaa wakahesabiwa kuwa wa nyumba ile. Walijitokeza wengine waliodai mali hiyo hiyo. Jaji J. B. Ojwang aliamua kwamba, kwa madhumuni ya mirathi, mwanamke yule alikuwa mke wa marehemu na watoto wake walikuwa warithi halali. Katika kufikia uamuzi huo aliegemea sheria ya mila, maandishi ya kitaalamu kuhusu Wanandi, na kifungu cha 11 cha Katiba kinachoutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa.

Miezi kumi kabla ya hukumu hiyo, tarehe 4 Agosti 2010, Wakenya walikuwa wameipigia kura Katiba hiyo hiyo na kuipitisha. Kifungu chake cha 45 kinampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia iliyo tofauti na yake. Msomaji anayeviweka vifungu hivi viwili bega kwa bega hawezi kukosa kujiuliza: je, neno "ndoa" lina maana moja katika vyote viwili? Na kama halina, nani aliyelipa maana ya kwanza, na nani aliyelipa ya pili?

Makala haya yanakusudia kuifuatilia historia ya fasili ya neno hilo katika sheria, tangu London mwaka 1866 hadi Nairobi mwaka 2023. Lengo letu si kumwamulia msomaji suala la ndoa za jinsia moja. Lengo letu ni finyu zaidi, na pengine lina manufaa zaidi kwa wataalamu wa lugha. Tunataka kuonyesha kwamba katika mjadala huu pande zote mbili zimekuwa zikiita historia itoe ushahidi, na kwamba historia, inapoulizwa vizuri, haitoi ushahidi ule unaotarajiwa na upande wowote.

II. Kitenzi -oa na Jina "Ndoa"

Yafaa tuanze na lugha yenyewe. Jina "ndoa" limetokana na kitenzi -oa. Sauti d inayosikika katika "ndoa", kama ile ya "ndoto" iliyotokana na -ota, ni mabaki ya konsonanti ya kale iliyopotea katika kitenzi lakini ikahifadhiwa na n- iliyoitangulia. Kwa hivyo neno hili ni la Kibantu na ni kongwe, tofauti na "nikaha", "mahari", "talaka" na "arusi", ambayo yote yaliingia kutoka Kiarabu. Kiswahili kiliazima istilahi za mkataba na sherehe zake, lakini tendo lenyewe kikaendelea kulitaja kwa neno lake cha asili.

Kitenzi hiki kina tabia ambayo kila mwalimu wa Kiswahili ameifundisha. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wazazi humwoza binti yao, wawili huoana. Mwanafunzi akiandika "Asha amemwoa Juma", darasa hucheka, ingawa sentensi hiyo haina kosa la mofolojia wala la sintaksia. Kosa lake ni la kijamii. Kauli ya kutendwa imebebeshwa hapa mzigo ambao haiubebi katika vitenzi vingine, kwa kuwa inatuambia nani ni nani katika mkataba. Lugha nyingi za Kibantu zina mgawanyo wa namna hii, ama kwa kauli ya kutendwa, ama kwa mashina mawili mbalimbali.

Hata hivyo, tukikichunguza kitenzi kwa makini, tutaona kwamba kinachokiongoza ni mahari kwanza, mwili baadaye. Anayetoa mahari na kumpokea mwenzake nyumbani mwake ndiye anayeoa. Ndiyo maana Mkuria wa Tarime, akieleza kwa Kiswahili desturi ya nyumba ntobhu, husema bila kusitasita kwamba bibi fulani "ameoa". Hasemi "ameolewa", wala hasemi "wameoana". Mwanamke aliyetoa ng'ombe amechukua nafasi ya mtendaji katika sentensi kwa sababu amechukua nafasi ya mtendaji katika mkataba. Sarufi imeifuata desturi, na desturi imeufuata utaratibu wa mali na uzao.

Hatusemi kwamba matumizi haya ni ya Waswahili wote. Katika jamii za Kiislamu za pwani, nikaha ni mkataba baina ya mwanamume na mwanamke unaopitia kwa walii na mashahidi, na hakuna nafasi humo ya mwanamke kuoa. Tunachosema ni kwamba Kiswahili, kama lugha ya mataifa yetu, kimekuwa kikitumika kueleza mifumo ya ndoa zaidi ya mmoja, na kwamba neno lake halikuwahi kuwa mali ya mfumo mmoja peke yake.

III. Fasili ya 1866 na Safari Yake

Fasili ambayo imetawala sheria za ndoa katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza haikutoka Afrika wala haikutungwa kwa ajili ya Afrika. Ilitolewa mwaka 1866 katika shauri la Hyde na Hyde. Bwana Hyde, Mwingereza, alikuwa amejiunga na dhehebu la Wamormoni, akahamia Utah na kuoa huko. Baadaye aliiacha imani ile, naye mkewe akaolewa na mtu mwingine. Hyde alirudi Uingereza na kuiomba mahakama impe talaka. Jaji, aliyekuja kujulikana kama Lord Penzance, alikataa. Alisema kwamba ndoa, kama inavyoeleweka katika nchi za Kikristo, ni muungano wa hiari, wa maisha, baina ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, bila ya mwingine yeyote kuingia. Ndoa iliyofungwa mahali panaporuhusu mitara, hata kama mume hakuwahi kuoa mke wa pili, haikuwa ndoa ambayo mahakama yake ingeweza kuivunja.

Mambo mawili katika hukumu hii yanastahili kuangaliwa. La kwanza, ndani ya fasili mna masharti manne: hiari, kudumu kwa maisha, umoja wa kila upande, na tofauti ya jinsia. La pili, sharti lililokuwa likibishaniwa siku ile lilikuwa la tatu, yaani umoja, wala si la nne. Hakuna aliyesimama mbele ya Penzance kudai ndoa ya wanaume wawili au ya wanawake wawili. Maneno "mwanamume" na "mwanamke" yalikuwemo kwa mazoea. Uzito wote ulikuwa juu ya neno "mmoja". Kuna na kejeli ya historia pia. Sharti la "maisha" lilitangazwa na jaji wa mahakama ya talaka, ambayo ilikuwa imeundwa kwa sheria ya 1857 mahususi kwa kazi ya kuvunja ndoa.

Fasili hiyo ilisafiri pamoja na bendera. Katika Himaya ya Afrika ya Mashariki ilifika mahakamani kwa namna ya kuumiza katika shauri la Amkeyo la mwaka 1917. Mshtakiwa alikuwa ametiwa hatiani kwa kupatikana na mali ya wizi, na sehemu ya ushahidi dhidi yake ilitolewa na mwanamke aliyemwoa kwa mila. Sheria ya ushahidi ililinda siri za mume na mke. Jaji Mkuu Hamilton alikataa kumpa mshtakiwa kinga hiyo. Hoja yake ilikuwa ya kilugha kwa kiasi kikubwa. Alisema kuwa kuuita uhusiano wa Mwafrika na mwanamke wake wa kimila kwa jina la ndoa ni kulitumia neno mahali pasipo pake, na kwamba jambo hilo limezusha mkanganyiko wa mawazo. Hakulijua neno linalofaa, lakini aliona kuwa kusema "ununuzi wa mke" kunaukaribia ukweli zaidi kuliko kusema "ndoa" kama inavyoeleweka na watu waliostaarabika.

Hatuna budi kuyatafakari maneno hayo. Kwa kalamu ya jaji mmoja, mamilioni ya wake waligeuka kuwa si wake. Waliobaki na jina la ndoa ni wale tu waliofunga kwa Sheria ya Ndoa ya 1902, au kwa taratibu nyingine zilizotambuliwa na serikali. Mabibi zetu walikuwa wake nyumbani na si wake mahakamani. Kwa hivyo wale wanaodai leo kwamba fasili ya "mume mmoja na mke mmoja" ndiyo mila ya Mwafrika tangu jadi wanasahau kwamba fasili hiyo, katika ardhi hii, ilianza kazi kwa kuwanyima Waafrika jina la ndoa.

Kuirekebisha hali hiyo kulichukua muda mrefu. Baada ya uhuru, Kenya iliunda tume ya kuchunguza sheria za ndoa na talaka, na ripoti yake ikatoka mwaka 1968. Tanzania iliyatumia mengi ya mapendekezo yake katika Sheria ya Ndoa ya 1971. Nchini Kenya kwenyewe mswada ulikataliwa bungeni mwaka 1976, ukakataliwa tena mwaka 1979. Ilikuwa mpaka mwaka 2014 ndipo Kenya ilipopata sheria moja inayozitambua kwa usawa ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Fasili iliyomo katika sheria hiyo inasema kwamba ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uwe wa mke mmoja au wa mitara, uliosajiliwa kisheria.

Tuilinganishe sasa fasili ya 2014 na ile ya 1866. Neno "mmoja", ambalo ndilo lililokuwa roho ya hukumu ya Penzance, limeondolewa. Sharti la "maisha" halimo. Yamebaki hiari na tofauti ya jinsia. Sharti ambalo halikuwa likibishaniwa na mtu mwaka 1866 limekuwa ndiyo nguzo ya fasili, na lile lililokuwa nguzo limeng'olewa. Hivi ndivyo fasili za kisheria zinavyoishi: maneno hubaki yale yale katika sentensi, lakini uzito huhama kutoka neno moja hadi jingine.

IV. Mwanamke Anayeoa

Turudi kwa ndoa ya mwanamke na mwanamke, ambayo imetajwa mara nyingi katika mjadala na kueleweka mara chache. Desturi hii imeandikwa kuhusu Wanandi, Wakuria, Wakamba na Wagikuyu katika Afrika ya Mashariki. Kuhusu Wanuer wa Sudan ya Kusini katika kitabu cha Evans-Pritchard cha 1951. Kuhusu Waigbo wa Nigeria katika kitabu cha Ifi Amadiume cha 1987. Na kuhusu Walovedu wa Afrika ya Kusini, ambao malkia wao Modjadji alikuwa na wake, katika maandishi ya Eileen Krige. Kwa Wakamba, mke wa namna hii huitwa iweto.

Uchunguzi uliotajwa zaidi kuhusu Wanandi ni wa Regine Smith Oboler, uliochapishwa mwaka 1980. Mwandishi huyo anaeleza kwamba mali ya Mnandi hugawanywa kwa nyumba. Kila mke ana nyumba yake, na mali ya nyumba hurithiwa na wana wa nyumba hiyo tu. Mwanamke aliyefikia uzeeni bila mtoto wa kiume anakabiliwa na hatari ya nyumba yake kufungwa. Basi hutoa mahari na kumwoa mwanamke kijana. Kijana huyo huzaa na mwanamume mwingine, lakini watoto ni wa nyumba ya mwoaji, na mwoaji huhesabiwa kuwa baba yao. Mwoaji naye huhesabiwa kuwa mwanamume katika mambo ya mali na uzao, na inatazamiwa kuwa baina yake na mkewe hapana tendo la kimapenzi.

Kwa ushahidi huu, anayeitaja desturi ya Wanandi kama kielelezo cha ndoa ya mashoga au wasagaji wa leo anaipotosha. Desturi haikuwekwa kwa ajili ya mapenzi ya watu wa jinsia moja. Iliwekwa ili nyumba isizimike. Lakini anayesema kwamba Waafrika hawakuwahi kuiita "ndoa" isipokuwa pale palipo na mwanamume na mwanamke wa kimaumbile anaipotosha vilevile. Mahari ilitolewa, ukoo ukatambua, watoto wakapewa jina, na mjane akarithi. Kama hayo si ndoa, basi tumerudi kwa Jaji Hamilton na kuanza kutafuta neno jingine.

Aidha, tusidhani kwamba maelezo ya Oboler yanatosha kwa jamii zote. Wairimu Njambi na William O'Brien, katika makala yao ya mwaka 2000 kuhusu Wagikuyu, walizungumza na wanawake waliooana, na wakaonyesha kwamba sababu zilizotajwa hazikuwa za urithi pekee. Wapo waliotaja upendo, usuhuba, kusaidiana kazi, na uhuru wa kuendesha maisha yao. Na hawakukubali kwamba mwoaji alikuwa amegeuka mwanamume. Kwa hivyo hata ndani ya desturi moja mna sauti zaidi ya moja, na mtafiti anayetaka jibu la neno moja atakata tamaa.

Mahakama zimehangaika na jambo hili nje ya Kenya pia. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Nigeria ilikabiliwa na ndoa ya namna hiyo miongoni mwa Waigbo. Ilisema kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke ingekuwa kinyume cha maadili ya umma, kisha ikaiokoa kwa kuamua kwamba mwanamke yule alikuwa amemtafutia mumewe mke. Yaani mahakama ililinda haki za mtoto kwa kuusoma upya muundo wa sentensi: mtendaji akawa mume, na mwanamke aliyetoa mahari akawa mshenga. Jaji wa Mombasa mwaka 2011 hakuhitaji kupita njia hiyo. Alilitumia neno "mke" kama wahusika walivyolitumia.

V. Afrika ya Kusini: Fasili Yabadilishwa

Hadi sasa tumezungumzia desturi. Suala la ndoa ya watu wa jinsia moja kwa maana ya leo, yaani ya wawili wanaopendana na kuomba serikali iwatambue, lilipata jibu lake la kwanza barani Afrika katika Afrika ya Kusini.

Historia ya nchi hiyo iliwafanya watu wake wawe waangalifu na fasili za ndoa. Tangu 1949 hadi 1985 sheria ya makaburu ilikuwa imepiga marufuku ndoa baina ya Wazungu na watu wa rangi nyingine. Ndoa za kimila za Waafrika hazikutambuliwa kikamilifu mpaka ilipotungwa sheria ya 1998. Katiba ya 1996 iliweka katika kifungu cha 9 marufuku ya ubaguzi kwa misingi mingi, ukiwemo mwelekeo wa kimapenzi. Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Kikatiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs katika shauri la Fourie, iliamua kwamba fasili ya ndoa katika sheria ya kawaida, ambayo ilikuwa dada wa ile ya Penzance, iliwabagua watu wa jinsia moja. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha sheria. Jaji Kate O'Regan alikubaliana na uamuzi lakini akapinga kungoja; kwa maoni yake mahakama ilipaswa kulimaliza jambo siku ile ile.

Mwaka huo mmoja ulijaa malumbano. Makanisa mengi na viongozi wa jadi walipinga. Mwezi wa Septemba 2006 Jacob Zuma, ambaye baadaye alikuwa Rais, alizishutumu ndoa hizo hadharani, kisha akaomba radhi. Tarehe 14 Novemba 2006 Bunge lilipitisha Sheria ya Miungano ya Kiraia kwa kura 230 dhidi ya 41, nayo ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba. Afrika ya Kusini ikawa nchi ya tano duniani kuruhusu ndoa hizo, baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada.

Msomaji wa lugha atalitambua jambo moja. Sheria ya zamani ya ndoa haikufutwa. Iliachwa kando yake, na fasili yake ya mwanamume na mwanamke. Sheria mpya ikawapa wanaofunga hiari ya kuuita muungano wao "ndoa" au "ubia wa kiraia". Bunge lilikubali kutoa haki, lakini lilisita kulitoa neno kwa mikono miwili. Sheria hiyo iliwaruhusu pia maofisa wa serikali kukataa kuwafungisha watu wa jinsia moja kwa sababu za dhamiri, ruhusa iliyoondolewa mwaka 2020.

VI. Afrika ya Mashariki na ya Kati: Fasili Yafungwa

Katika eneo letu mwendo ulikuwa wa kinyume. Katika miaka ile ile ambayo Afrika ya Kusini ilikuwa ikiifungua fasili, majirani zetu walikuwa wakiifunga kwa kufuli la katiba. Rwanda iliandika katika Katiba ya 2003 kwamba ndoa inayotambuliwa ni ya mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Burundi na Uganda ziliweka marufuku mwaka 2005. Kongo, katika Katiba ya 2006, ilitoa haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia iliyo tofauti, kwa maneno yanayokaribiana na yale ambayo Kenya ingeyaandika mwaka 2010. Nigeria ilikwenda mbali zaidi mwezi wa Januari 2014, ilipoweka adhabu ya kifungo cha miaka 14 kwa wanaofunga ndoa hizo.

Tukizipanga tarehe hizi kwa mfuatano, jambo moja linajitokeza. Marufuku haya si urithi wa kale. Hakuna katiba ya uhuru katika Afrika ya Mashariki iliyohitaji kusema kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Yaliandikwa baada ya Uholanzi kuzifungua ndoa hizo mwaka 2001, na yalikuwa majibu kwa mabadiliko ya ng'ambo. Yaani sharti la nne la Penzance lilipata sauti pale tu lilipopata mpinzani.

Kenya iliishi na matokeo yake haraka. Mwezi wa Julai 2015, mwezi mmoja baada ya Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani kuziruhusu ndoa za jinsia moja katika majimbo yote kwa kura 5 dhidi ya 4, Rais Barack Obama alikuja Nairobi na kuzungumzia haki za watu hao. Rais Uhuru Kenyatta alimjibu mbele ya waandishi wa habari kwamba kwa Wakenya hilo halikuwa suala la kushughulikiwa wakati ule. Lakini suala lilikuwa limekwisha kufika mahakamani. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba kukataa kuandikisha chama cha kutetea haki za mashoga na wasagaji kulivunja uhuru wa kujumuika. Rufani zilifuata, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, ilikubaliana na uamuzi huo.

Shauri lililogusa neno "ndoa" kwa karibu zaidi lilikuwa jingine. Mwaka 2016 waombaji waliitaka Mahakama Kuu ivifute vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu, ambavyo vinatoa kifungo cha hadi miaka 14 na miaka mitano. Katika vifungu hivyo, vilivyorithiwa kutoka kwa wakoloni, neno "ndoa" halimo kabisa. Waombaji nao hawakuomba kuoana. Walakini katika hukumu ya tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu walikataa ombi, na mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba kuvifuta vifungu hivyo kungefungua njia kwa watu wa jinsia moja kuishi pamoja kama wenzi, kinyume cha kifungu cha 45 cha Katiba. Hivyo kifungu kilichoandikwa kama haki, haki ya mtu mzima kufunga ndoa, kilisomwa kama sababu ya kudumisha kifungo gerezani.

Hapa ndipo uzito wa fasili unapoonekana wazi. Si mchezo wa wanakamusi. Fasili ya 1917 iliamua nani angefungwa kwa ushahidi wa mkewe. Ile ya 2011 iliamua nani angebaki na paa juu ya kichwa chake baada ya mazishi. Ile ya 2019 iliamua nani angeendelea kuishi chini ya kivuli cha jela. Katika mashauri yote matatu mahakama ilikuwa ikiulizwa neno hili linamhusu nani.

VII. Hitimisho

Tumeona kwamba fasili ya ndoa inayotetewa mara nyingi kwa jina la mila iliingia nchini mwetu kwa mlango wa mahakama ya kikoloni, na kwamba ilipoingia ilizikataa ndoa za mila. Tumeona pia kwamba mila zenyewe zilikuwa na ndoa za wanawake kwa wanawake, ambazo hazikuwa ndoa za mapenzi ya jinsia moja kama zinavyoombwa leo, ingawa hazikuwa tupu za mapenzi kila mahali. Na tumeona kwamba marufuku ya kikatiba katika eneo letu ni mambo ya karne hii.

Methali yasema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Wanaopinga ndoa za jinsia moja huitumia kuwakumbusha wenzao wasiige wageni. Wanaozitetea huitumia nao, wakielekeza kidole kwa Wanandi na Walovedu. Lakini methali hii haituambii "kwao" ni wapi. Ni kwa Penzance? Ni kwa wazee wa koo? Ni kwa waliopiga kura mwaka 2010? Kila upande umejichagulia kwao kunakouridhi, kisha umewaita wapinzani watumwa.

Kwa maoni yetu, mjadala huu hauwezi kuamuliwa kwa historia peke yake, na anayejaribu kuuamua hivyo huishia kuivuruga historia bila kuupata uamuzi. Taifa linaweza kuamua kulinda desturi mpya au kuacha desturi ya kale. Huo ni uwezo wake. Lakini likisema linafanya hivyo kwa sababu "siku zote ilikuwa hivi", ni wajibu wa wanahistoria na wanaisimu kuuliza: siku zipi, na kwa lugha ya nani?

Wajibu huo una sehemu inayotuhusu sisi wa Idara za Kiswahili moja kwa moja. Sheria zetu zimeandikwa kwanza kwa Kiingereza, na tafsiri zake za Kiswahili hutegemea kamusi zetu. Kamusi hizo aghalabu huieleza "ndoa" kwa kumtaja mwanamume na mwanamke, na kitenzi -oa kwa kumtaja mwanamume. Hayo ni matumizi ya wengi, na kamusi haina kosa kuyaandika. Kosa ni kuyaacha matumizi mengine yaliyo hai Tarime, Nandi na Ukambani, ambako mwanamke huoa na Kiswahili kinalisema jambo hilo bila kugugumia. Mtunga kamusi akiliandika tumizi hilo hatakuwa ameunga mkono upande wowote wa mjadala. Atakuwa amehakikisha tu kwamba mjane mwingine atakapofika mahakamani na kusema "niliolewa naye", karani hatafuta neno lake na kuandika jingine.